Programu Isiyokubali Kufungwa

Rafiki yangu mmoja, fundi kompyuta, aliitwa na mama yake mdogo siku ya mvua. Mama huyo huchapa miswada ya watu nyumbani, na sasa diski ya laptopu yake ilikuwa inakwaruza hata asipoigusa.

"Mwanangu, ikifa hii, kazi yangu yote imekwenda na maji," alimwambia, kisha akarudi jikoni.

Umeme ulikuwa umekatika. Fundi akaketi katika giza la mawingu, laptopu ikitumia betri, diski ikikwaruza krr, krr. Akafunga programu zote zilizokuwa wazi, wapi! Akatafuta ni ipi inayoandika kwenye diski, akaikuta: kinasa sauti. Kilikuwa kinarekodi, na faili lilizidi kunenepa. Akakifunga. Kikafunguka tena chenyewe.

"Mama mdogo, nani kawasha kurekodi?"

"Kurekodi nini tena? Mimi hata pa kubonyeza sipajui!"

Akavaa spika za masikioni asikie kinachonaswa. Alisikia mvua juu ya bati, sufuria kule jikoni, na pumzi zake mwenyewe. Akabana pumzi. Zile za masikioni ziliendelea.

"Nani?" akanong'ona.

Diski ikanyamaza ghafla. Masikioni akasikia kiti kikiburutwa sakafuni, polepole, mpaka karibu naye kabisa. Chumbani mle kiti kilikuwa kimoja tu, na alikuwa amekikalia yeye.