Motokari ya Vioo Vyeusi

Ninyi mnaozaa na mnaolea, kaeni chini. Habari hii ni ya nyumba moja ya Kasongo, lakini kila nyumba ijipime nayo.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji. Émérance alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Binti yake Cécilia alikaa barazani, amevaa shati la mikono mirefu, akichambua mchele na kuimba. Mtoto huyu alizaliwa zeruzeru: ngozi isiyovumilia jua, macho yasiyopenda mwanga. Akikaa juani muda wa kuchota maji tu, mabega yalitoka malengelenge.

Mume wa Émérance, Fidèle, mchuuzi wa mafuta ya mawese, alikuwa na motokari kuukuu aliyoinunua kwa Mgiriki mwenye duka. Siku hiyo alikuwa anavipaka rangi vioo vya nyuma: masizi ya taa yaliyokorogwa katika vanishi ya seremala. Alipaka, akarudia, akarudia tena, hadi ndani hapakuonekana kitu.

"Ya nini hiyo, Baba Cécilia?"

"Ya mutoto. Jua lisimuguse tena."

Mchi ulisimama hewani. Tangu mtoto azaliwe, mwanamume huyu hakuwahi kumpakata mbele ya watu. Émérance alitaka kumwamini, akamwamini. Mchana huo alimpakulia nyama mara mbili.

Furaha ile haikufika kesho. Jioni, akipeleka maji ya kuoga nyuma ya nyumba, alimsikia Raphaël, mdogo wa Fidèle, akicheka na kaka yake.

"Yaya, humu hata tembo unaweza kumuficha!"

"Cheka tu. Tukienda kukuposea Kabambare, wakwe zako wakimwona yule, watasema damu yetu iko na laana. Utazeeka na sufuria yako peke yako."

Émérance aliweka ndoo chini. "Kama mnamwonea haya, abaki nyumbani."

"Abaki na nani? Mama yako iko Lusangi. Jirani gani atamupokea? Atakaa ndani ya motokari, kwenye kivuli. Ao unataka apande lori, jua limuchome?"

Émérance akaokota ndoo yake. Hasira akaimeza. Na hapa tuseme kweli bila kumpendelea mtu: yeye naye aliamini kwamba penye giza hapana joto.

Siku ilipofika, wakaondoka kwenda Kabambare kumposea Raphaël. Njiani vioo vya mbele vilikuwa wazi, upepo ukipita, na mtoto akalala hata baada ya kupita kijiji cha Wamaza. Walipofika nyumbani kwa Antoine, baba wa msichana Victorine, Fidèle alipita kivuli cha michikichi akasimamisha motokari katikati ya uwanja, ili kila mtu aione. Kisha akapandisha vioo vyote, akafunga milango isiyofunguka kwa ndani, akatia ufunguo mfukoni mwa koti.

"Ukae kimya," alimwambia mtoto. "Tunarudi sasa hivi."

Nyumba ya Antoine ilikuwa na desturi yake: mgeni haanzi maneno kabla watoto wake hawajanyweshwa maji. Célestine, mama wa msichana, akaja na kibuyu.

"Watoto wako wapi?"

"Hatuna watoto, mama mukwe. Tumekuja watu wakubwa tu."

Célestine akamgeukia Émérance. "Na wewe, mwanangu, Mungu hajakupa?"

Fidèle alimkazia macho. Mkekani palikuwa pamejaa wazee. Émérance akainamisha kichwa.

"Bado, mama."

Posa ikaanza, na posa haina haraka. Shangazi wa msichana akamchungulia Raphaël. "Huyu miguu kama ya korongo! Ataweza kulima?"

"Jembe linashikwa na mikono, shangazi," Raphaël akajibu, na mkeka mzima ukacheka.

Kutoka motokarini ukasikika mlio wa kugonga, ko, ko, hafifu. Fidèle akacheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Ukasikika tena. Akakohoa.

Sikieni vizuri, maana hili si jambo la huruma, ni jambo la joto. Rangi nyeusi hulimeza jua. Kioo kilichopakwa hupata moto, nacho hukipasha chumba joto. Chumba kikiwa kimefungwa, joto halina pa kutokea. Motokari ikitembea, upepo hulifukuza. Ikisimama juani imefungwa, ni tanuri, na giza lake halipunguzi kitu. Linamzuia tu mpita njia asione nani anaungua.

Kilichomwinua Émérance si kule kugonga. Ni kunyamaza.

"Nipe ufunguo."

"Keti. Unaniaibisha."

"Mutoto wangu iko ndani! Nipe ufunguo!"

Fidèle alishika mfuko wake, akawatazama wakwe, akaanza kueleza. Naam, kueleza! Émérance hakungoja. Alichukua jiwe mojawapo la jiko la Célestine, akakimbia, akapiga kioo cha nyuma.

"Kioo, wewe mwanamke! Kioo!"

Msisahau neno hilo. Binti yake alikuwa anakufa, na baba alilia kioo.

Joto lilitoka kama mlango wa tanuri umefunguliwa. Cécilia alikuwa sakafuni, ngozi kavu inawaka, macho yamegeuka. Célestine alimbeba hadi barazani, akamfunika nguo yenye maji, wanawake wakapepea, wakamwagia maji tena na tena. Muda ukapita. Mtoto akatapika. Kisha akaita, "Mama."

"Uliniambia bado," Célestine alisema, bila kuinua macho.

"Nilisema uongo, mama. Nao ulikaribia kumuua."

Antoine alimwendea Fidèle. "Dada yangu mkubwa alikuwa kama huyu. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni. Sasa mlikuwa mnamuficha nani, na kwa nani?"

Fidèle akaanza tena kueleza. Victorine alimtangulia, amesimama mlangoni. "Baba, mimi siolewi kule. Nikizaa mutoto asiyewapendeza, watamupaka rangi gani?"

Raphaël alirudi Kasongo bila mke. Fidèle aliendesha na kioo kilichovunjika, jua likimpiga kisogoni njia nzima. Émérance hakupanda. Alibaki kwa Célestine mpaka mtoto alipopata nguvu, kisha wakarudi Kasongo. Tangu siku ile Cécilia halali mlango ukifungwa. Mama yake alimfumia kofia pana ya ukindu, akamshonea mikono mirefu, na siku ya soko akapita naye Kasongo nzima, mkono kwa mkono. Waliokaza macho, naye aliwakazia.

MAFUNZO

Mtoto asiyevumilia jua huhitaji nguo ndefu, kofia pana, kivuli chenye hewa na maji ya kunywa. Motokari iliyofungwa si kivuli, hata ukiipaka usiku wenyewe. Usimwache mtu ndani yake, hata kwa neno moja la salamu.

Nawe unayemficha mtoto kwa sababu ya wakwe, wageni au majirani, usituambie unamkinga. Anayekinga hukaa karibu, asikie akigonga. Wewe unakinga jina lako, na anayelipa ni mtoto. Na ninyi mliokaa mkekani mkajibu "bado", mlishika kitasa pamoja naye. Simameni mapema.