Wimbo Uliomwita Noreen

"Corinne, vua hayo maua. Hakuna harusi."

Dottie, rafiki yake, alisema hayo akihema, miguu peku, vumbi la bustani ya Golden Gate limempanda hadi magotini. Corinne alidhani ni utani. Mbele yao mamia ya mahipi, vijana wa nywele ndefu na shanga, walikuwa wamekaa kwenye majani wakimngoja bibi harusi, na bendi ya mchumba wake Royce ilikuwa ikijaribu magitaa jukwaani.

"Shoga, umevuta nini asubuhi yote hii?"

"Sijavuta kitu. Nimetoka hospitali. Noreen amekufa."

Noreen alikuwa mdogo wake Corinne, wa miaka kumi na tisa. Corinne ndiye aliyetangulia kuondoka shambani kwao Nebraska, akamfuata Royce baada ya kumsikia akiimba mara moja tu. Kisha wimbo wa Royce, "Mlango Uko Wazi", ukaanza kupigwa redioni: njoo, hapa hakuna bosi, utakula kwetu, utalala kwetu. Watoto wa watu wakapanda mabasi kutoka kila pembe ya Marekani kuufuata San Francisco. Noreen naye akashuka na begi moja, santuri ya wimbo ule kwapani.

"Lakini Royce aliniambia amekwenda mashambani kaskazini na wenzake," Corinne alisema. "Jana tu! Tena alicheka, eti mdogo wako kapata bwana."

"Kakudanganya. Nilikuwemo kwenye gari la bendi, shoga. Juzi usiku tulikuwa tunakwenda Oakland kupiga muziki. Noreen alijidunga sindano, akalegea, midomo ikawa ya bluu. Nikasema tumkimbize hospitali. Royce akasema polisi watatukamata na unga, na wakubwa wa kampuni ya santuri wanatungoja ukumbini. Tukamlaza kwenye ngazi za kanisa. Akamfunika koti, akasema wapita njia watamwona."

"Mkamwacha?"

"Tukamwacha. Leo roho imenisuta, nikaenda kumtafuta. Nimemkuta mochwari, hana hata jina."

"Hiyo sindano alipewa na nani?"

Dottie aliinamisha kichwa. "Na Royce. Alimwambia bila hiyo hatausikia muziki sawasawa."

Corinne hakulia. Alipanda jukwaani na gauni lake jeupe, watu wakaanza kushangilia. Royce akafungua mikono.

"Malkia wangu! Mbona umewahi?"

"Noreen yuko wapi?"

"Si nilikwambia, yuko kaskazini..."

"Niambie tena. Hapa kwenye maikrofoni, wote wasikie."

Royce aliifunika maikrofoni kwa kiganja. Uso ulimshuka.

"Alikuwa anapumua, Corinne. Naapa alikuwa anapumua! Ningefanya nini? Wale jamaa wa kampuni wasingerudi tena. Nilifanya kwa ajili yetu."

"Yetu? Nimekaa nashona gauni, unanibusu shingoni, na mdogo wangu yuko kwenye barafu?"

"Punguza sauti, mpenzi. Tumalize leo, kesho tutazungumza."

Corinne alimpokonya maikrofoni.

"Mdogo wangu amekufa," aliwaambia watu. "Alikuja kwa sababu ya wimbo wa huyu. Huyu akampa unga, akamtupa kwenye ngazi, akaenda kuimba."

Kisha mtu mmoja akapiga makofi, wakamfuata wengi.

"Amani, dada! Endelea!" sauti ilipazwa kutoka nyuma.

Walidhani ni wimbo mpya. Kijana mmoja hata alianza kumpigia ngoma. Corinne aliwatazama, maua kichwani, wakitikisa vichwa kwa mdundo huku wamefumba macho. Aliiweka maikrofoni chini, akashuka.

Baba yao alifika kesho yake kwa ndege, suti ya kanisani, viatu vina udongo wa shamba. Yeye na Corinne walikuwa wamekaa kwenye ukumbi wa hospitali wakisubiri kukabidhiwa mwili, Royce akatokea. Macho yalikuwa mekundu.

"Umefuata nini?" Corinne aliuliza.

"Nimekuja kuomba msamaha. Nakupenda, Corinne. Hilo sikudanganya."

"Najua. Ndiyo maana nakuogopa."

Baba aliinua uso. "Wewe ndiye mwimbaji?"

"Ndiyo, mzee."

"Noreen alikuwa akiuweka wimbo wako kila jioni akiosha vyombo. Mwanzo nilifoka. Baadaye nikawa nazima trekta mapema, niwahi kumsikia anavyouimba. Mama yao alimkataza asiondoke. Mimi nikasema, mtu anayeimba hivi hawezi kuwa mtu mbaya. Nikampeleka stendi mwenyewe."

Royce, aliyewaita watoto wa nchi nzima, alirudi nyuma hatua moja.

"Polisi wako hapo nje na Dottie," Corinne alimwambia. "Ameshawaeleza. Nenda ukamalizie."

"Utanisindikiza?"

"Hapana."

Aliondoka peke yake, akiburuta miguu. Mlango ulipofunguka, askari wawili walimshika mikono, kila mmoja upande wake.

Corinne alimwinua baba yake kwa kiwiko. Mzee alikuwa mwepesi ghafla, kama gunia lililomwagwa nafaka.

"Simama, baba. Wanatuita. Twende tukawaambie jina la Noreen."