Stima Ilipopotea kwa Zablon

Haya yalimpata rafiki yangu Chrispine. Alikuwa amebeba bloki ya injini ya gari lake la mashindano kutoka Kendu Bay hadi Migori kwa fundi Zablon, silinda zichongwe ziingie pistoni kubwa. Safari ya tatu hiyo, na stima ikapotea tena!

"Hata leo, Zablon?" alifoka.

"Ngoja tu, omera, ndugu yangu," fundi akasema, akitoka kwenye kontena la karakana yake na kisu kipya cha mashine ya kuchongea mkononi, hajakifunga bado.

Wakakaa mlangoni. Ndani, gizani, bloki ilikuwa kwenye mashine na hakukuwa na mtu, lakini chuma kilianza kukwaruza chuma, polepole.

Stima iliporudi, walijaribu pistoni, zikaingia zote nne. Chini kulikuwa na chengachenga za chuma, bado za moto. Zablon akafungua kiganja. Kisu kilikuwa humo, kingali na grisi ya dukani.