Kigari cha Mtoto wa Edith

Jumamosi ya soko, Mbinga huwa haina pa kuweka mguu. Watu wameshuka milimani na maharage, wauza usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wamepanda kutoka huko ziwani, na mahali linapofunguliwa robota jipya la mitumba akina mama husukumana kama kuku waliomwagiwa mtama. Ndivyo ilivyokuwa siku ile ya mwaka 2003, Tunu binti Muharami alipokuwa akipanga nje ya duka lake vitu vya Ulaya vilivyotumika: baiskeli, viti vya kuzunguka, na vigari vitatu vya watoto vilivyofika juzi yake kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mweusi wa kung'aa, kanga ya rangi ya chungwa kiunoni na ushungi mweupe usiokubali kukaa kichwani hata dakika mbili.

Mwanamume mmoja alisimama mbele yake. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mbele tu. Mgongoni lilikuwa limekunjamana. Mikononi alikuwa na mtoto mdogo wa kike, kamshika kama mtu aliyekabidhiwa bakuli la uji wa moto.

"Habari za kazi, dada?"

"Nzuri, kaka. Karibu. Huyo mtoto umemwiba wapi?"

Wanawake waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Yule mwanamume naye akatabasamu.

"Ni wangu. Anaitwa Margareta. Nataka kigari cha kumsukumia. Nikimbeba mgongoni kwa kanga, wenzangu kazini wananiita Mama Margareta."

Moja kwa moja akaenda kwenye kigari cha buluu chenye lesi kwenye paa na magurudumu manne madogo kama vifuniko vya chupa.

"Hicho weka chini," Tunu alisema. "Hicho cha watu wanaotembea juu ya marumaru. Chako ni hiki."

Alimvutia kigari cheusi cha magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, makubwa, ya kujaza upepo kama ya baiskeli. Kilikuwa na breki ya mguu na mkanda wa kumfunga mtoto.

"Matatu? Si kitapinduka?"

"Chungu kinakaa juu ya mafiga mangapi, kaka?"

"Matatu."

"Umewahi kukiona kimepinduka chenyewe?"

Hakungoja jibu. Alimpokea mtoto, akaweka debe la maharage ndani ya kigari cha buluu, akamwambia asukume mpaka stendi na kurudi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na udongo mwekundu wa Mbinga ukilowa hushika kama gundi. Alirudi amekibeba kigari begani na debe mkononi, viatu vyote tope. Soko zima lilimzomea. Cha magurudumu matatu alikwenda nacho, akarudi nacho anakisukuma kwa mkono mmoja.

"Nimekubali," alisema akihema.

"Basi kamlete mama yake naye akione. Wanaume mkichagua wenyewe huwa tunaambiwa tumewadanganya."

Mwanamume akamtazama mtoto, aliyekuwa amelala kifuani kwa Tunu, mdomo wazi.

"Mama yake tumemzika kwao Liuli, ziwani. Huyu alikuwa na wiki tatu."

Tunu alikosa pa kuuweka uso wake. Alichoweza kusema ni pole, tena mara mbili, na alipomrudisha mtoto alijikuta mikono yake haitaki kuachia.

Jina lake lilikuwa Edmund. Alikuwa Mmatengo wa Litembo, akifanya kazi kwenye kampuni moja ya watu binafsi iliyokuja kununua kahawa baada ya milango ya biashara hiyo kufunguliwa kwa kila mwenye mizani. Jumamosi iliyofuata alirudi: tairi limetoboka. Tunu akaliziba. Jumamosi ya pili, breki inapiga kelele. Tunu akaitia mafuta. Jumamosi ya tatu Tunu alikizunguka kigari, akainama, akainuka.

"Leo kina nini?"

"Leo kizima."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kukuambia kuwa kizima."

Tunu alicheka mpaka ushungi ukaanguka. Edmund aliuokota, akaukung'uta vumbi, na akamvisha begani polepole.

Simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kushika Mbinga, tena kwa kubahatisha. Ili kusikia vizuri Tunu alilazimika kupanda juu ya sanduku tupu nyuma ya duka. Kila siku saa saba mchana Edmund alikuwa akipiga, na Tunu akajifunza kupanda sanduku lile bila kutazama.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kijijini Ruanda. Nimezungukwa na magunia ya kahawa. Na wewe?"

"Juu ya sanduku langu, kama jogoo."

"Wika basi nisikie."

"Sijakosa adabu kiasi hicho. Margi kala?"

"Kala, kamtapikia jirani, kacheka. Tunu?"

"Naam."

"Nimekukumbuka."

"Vocha yako itaisha kwa kunikumbuka."

Lakini alipokata simu alikaa juu ya sanduku lile muda mrefu, akijichekea peke yake.

Siku moja, wakati Margareta anatafuna ncha ya kanga yake, Tunu aliamua kusema. "Baba Margi, nisikilize kabla hujazama. Niliolewa Songea miaka sita. Sikuzaa. Mume wangu alinirudisha kwa baba yangu na sanduku la nguo. Mimi ni mti wa kivuli tu, sina tunda."

Edmund alimtoa Margareta ile ncha mdomoni. "Mke wangu alizaa," alisema, "na kuzaa kukamwondoa. Sikuja kwako kutafuta tumbo, Tunu. Nimekuja kwa sababu nikiwa hapa nasahau kuhuzunika, halafu nikikumbuka kuwa nimesahau sioni aibu."

Tangu siku hiyo Tunu alianza kujiruhusu mambo. Alishona vishuka vidogo vya kigari. Alimjua Margareta usingizi wake na njaa yake. Watu walisema: Mwislamu wa dukani na Mkatoliki wa kahawa, kila mtu ana msalaba wake na mwingine hana kabisa. Yeye aliwaacha waseme.

Kisha ikaja Jumatatu ile. Tunu alikuwa amekwenda stendi kupokea mzigo, na kabla hajaufikia aliona kigari. Hakikuwa kikisukumwa na Edmund. Kilisukumwa na msichana mrefu aliyevaa vitenge vipya, juu na chini, nywele zimesukwa vizuri, na mkoba wa Edmund ukining'inia begani mwake. Edmund alikuwa nyuma yao na begi la nguo. Wote wakapanda gari la Mbamba Bay, la kushuka ziwani. Tunu alisimama pale mpaka gari likaondoka.

Saida, fundi cherehani wa jirani, alikuwa na habari kamili kabla ya saa sita. "Humjui? Ni mdogo wa marehemu. Wakwe wamemleta ashike nafasi ya dada yake. Shoga yangu, mtoto lazima alelewe na damu yake. Wewe ulikuwa unalinda mji wa watu."

Saa saba simu ikalia. Tunu hakupanda sanduku. Ililia tena kesho yake, na siku ya tatu mara saba. Siku ya nne alimwandikia neno moja: *Hongera.* Halafu akaizima simu, akaitia kwenye mtungi wa unga, akafanya kazi kama mtu anayekimbizwa.

Wiki tatu zilipita. Asubuhi moja msichana yuleyule mrefu aliingia dukani, safari hii amevaa kanga iliyopauka, miguu imejaa vumbi.

"Hujambo dada? Wewe ndiye Tunu?"

"Sijambo. Ndiye mimi."

"Mimi naitwa Eunice. Nimeagizwa mpira wa ndani wa tairi la kigari. Ziwani hatuna."

Tunu alitafuta mpira rafuni bila kumtazama. "Mwambie mumeo kigari hicho kinataka upepo wa wastani, asikijaze sana."

Eunice alishangaa. "Mume gani? Shemeji? Alinikataa mbele ya kikao, dada. Alisema wazi kuwa ana mtu wake Mbinga na anataka baraka za wazee. Na mimi nilishukuru Mungu, nina mchumba wangu Lituhi." Akashusha sauti. "Lakini mama alipolisikia hilo alimshika mtoto, akasema haondoki. Shemeji amebaki hukohuko, na kazi anaiacha. Hata kula hali vizuri. Anasema ulimwandikia hongera."

Mpira ukamponyoka Tunu mkononi. Kesho yake alfajiri alifunga duka, akapanda lori la kushuka ziwani.

Njia ile inateremka kwa kona, msitu upande huu na korongo upande ule, mpaka ghafla ziwa linafunguka chini kama bati jipya. Alifika Liuli jua likiwa la saa tisa. Ufukweni walikuwa wameanika usipa, na harufu yake ilijaa hewani. Hakuhitaji kuuliza nyumba. Kwenye mchanga, mbele yake, mama mmoja mzee mwembamba alikuwa akichechemea huku anasukuma kigari cheusi cha magurudumu matatu. Mguu mmoja aliuburuta. Kigari ndicho kilichokuwa kikimbeba yeye, na mchanga ule, ambao ungemeza magurudumu ya kile kigari cha buluu hatua ya kwanza, ulikuwa ukipitika kama sakafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Yule mama alimtazama ushungi, akamtazama viatu. "Wewe ndiye wa Mbinga."

"Ndiyo, mama."

"Kaa."

Wakakaa kwenye ubavu wa mtumbwi uliopinduliwa. Margareta alipomwona Tunu alipiga miguu kwa furaha, kisha akamgeukia bibi yake na kumnyooshea mikono.

"Nyonga yangu ilivunjika mwaka juzi," mama alisema. "Kubeba mgongoni siwezi tena. Kisingekuwa hiki, huyu ningemshika kwa siku mbili nikashindwa, nikamrudisha mwenyewe. Edmund anasema ulikichagua wewe. Ulichagua vizuri." Alimfuta mtoto mate. "Nyamaza, Edith. Nyamaza mama." Kisha akashtuka. "Margareta, nilitaka kusema."

Tunu alipangusa mchanga kwenye gurudumu la kigari.

"Sikuchukii, mwanangu. Wala dini yako siichukii, Waislamu nimeishi nao. Ila mimi nilizaa tisa, wamebaki wawili: mmoja kahamia mbali, na Eunice ataondoka. Siku Edmund akikuoa, hata mkikaa hapahapa Liuli, huyu ataita mama mtu mwingine, na Edith wangu atakuwa amekufa mara ya pili. Niombe chochote kingine."

Edmund alikuwa nyuma ya nyumba akipasua kuni. Alikuwa amekonda, ndevu zimemwota ovyo. Alipomwona Tunu shoka lilianguka.

"Umekuja."

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikuona na mkoba wako begani mwa mwanamke, nikaziba masikio."

"Ningekuambia kabla sijaondoka. Niliogopa. Nilidhani nitakuja kuwaambia hapana, nirudi siku ya pili, usijue hata kama kulikuwa na jambo." Alimshika mikono yote miwili. "Tunu, nioe... nikuoe, hata sijui kusema. Twende bomani, Mbinga. Mtoto ni wangu kisheria, kesho namchukua tunaondoka watatu."

Tunu alikuwa amelisubiri neno hilo tangu siku ya debe la maharage. Alilisikia lote, akaliacha lipite mwilini mwake.

"Nimekaa na mama yule ufukweni," alisema. "Mimi najua mikono mitupu inavyouma, Edmund. Nimeishi nayo. Siwezi kumtengenezea mwenzangu."

"Basi nitamwacha mtoto hapa, turudi sisi."

"Huwezi. Umeacha kazi kwa sababu huwezi. Na ungeweza, nisingekupenda."

"Basi tusubiri." Aliliokota shoka, akaliweka tena chini. "Mama ni mzee. Miaka michache tu."

"Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote." Tunu alianza kulia, lakini maneno yalitoka sawasawa. "Kusubiri maana yake ni kumwombea mama yule afe. Kila nikiamka nitakuwa nauliza, bado? Sitaki kuwa mtu huyo, na sitaki nawe uwe hivyo. Kaa hapa. Mlee mwanao na bibi yake."

"Na sisi je?"

"Sisi ni watu wazima. Tutalia, halafu tutanyamaza."

Alilala nyumbani kwa jirani, na asubuhi gari lilipokuja Edmund alimsindikiza. Walishikana mikono mbele za watu, kwa heshima, kama wafanyabiashara waliomaliza mapatano.

Edmund alipata kazi ya kufundisha shule ya msingi Liuli. Mwanzoni alipiga simu kila Jumamosi, baadaye kila mwezi, kwa sababu mtandao ulikuwa wa shida na kwa sababu nyingine ambazo wote wawili walizijua. Tunu alikataa posa mbili. Duka lake lilipanuka mpaka upande wa fundi Saida, na akina mama wa Mbinga walikuja kwake kuchagua vigari.

Mwaka wa tatu, mchana mmoja wa kiangazi, simu iliita na Tunu akapokea akiwa katikati ya wateja. Sauti ilikuwa ndogo, karibu mno na kinywa cha simu.

"Shikamoo. Baba amesema nikusalimie. Wewe nani?"

Tunu aliwaacha wateja, akatoka nje mpaka nyuma ya duka.

"Marahaba, Margi. Mimi ni Tunu."

"Tunu nani?"

Alisikia ziwa kwa mbali, na mama mzee akiita mtu aje kula, na pumzi ya mwanamume aliyesimama karibu na simu bila kusema.

"Tunu wa Mbinga, mwanangu. Nenda, bibi anakuita. Nenda ukale."

Mtoto aliiacha simu, vishindo vya miguu yake vikaenda mbali. Hakuna aliyesema, huku wala kule. Walisikilizana hivyo mpaka vocha ilipokwisha.