Kupitia kwa Keke

Saa mbili na dakika tano asubuhi, Keke alisoma kurasa mia mbili na kumi na nne kwa muda ambao mtu angetumia kupiga chafya moja, akakohoa, kisha akasema, "Hapana."

Kikohozi kile hakikuwa hitilafu. Mafundi walikipachika kwa makusudi, baada ya wahadhiri kulalamika kwamba mashine ya kwanza ilikataa maandiko yao kwa haraka isiyo na adabu. Ya pili, yaani Keke, ikafundishwa kukohoa kwanza, kama mkubwa yeyote anayejiheshimu. Ikapewa pia mkono mmoja wa chuma na kalamu nyekundu, kwa kuwa ilikuwa imethibitishwa kisayansi kwamba msomi haamini kazi yake imesomwa mpaka aione imechafuliwa.

Ilikuwa mwaka 2094. Katika jiji la Nyanda Kavu magari yalijiendesha, maghorofa yalijipaka rangi yenyewe kila baada ya masika, na huko Mwezini palikuwa na ekari tisa za mtama ulionawiri. Lakini barua ya mtumishi wa chuo kikuu ilikuwa bado hairuhusiwi kwenda popote peke yake. Ilipaswa kupitia kwa mkubwa wake, na juu yake ziandikwe zile herufi mbili tukufu: K.K., yaani kupitia kwa. Mtu aliweza kwenda Mwezini na kurudi bila kumuaga jirani. Barua, thubutu! Basi Idara ya Sayansi ya Nafaka ilipopata akili mnemba ya kupitishia maandiko ya kuombea fedha za utafiti, jina halikutafutwa mbali. Iliitwa K.K., na kufikia wiki ya pili kila mtu alikuwa anaiita Keke.

Aliyeambiwa "hapana" asubuhi hiyo, kwa mara ya kumi na saba tangu Jumatatu, alikuwa Dakta Havijawa Semkiwa, mtafiti mwenye macho mekundu na subira iliyobaki kiasi cha kijiko cha chai. Mwisho wa kupokea maandiko ulikuwa saa nne kamili ya asubuhi hiyohiyo.

Havijawa alikuwa amebuni kinusi. Kinusi ni roboti ndogo, kubwa kidogo tu kuliko mende, na kwa sura si nzuri zaidi ya mende. Ukikitumbukiza kwenye gunia la mahindi, hutambaa kati ya punje kikinusa sumukuvu, ile sumu inayotolewa na kuvu pale nafaka inapohifadhiwa ikiwa na unyevu. Jicho haliioni, ulimi hauionji, na moto wa jikoni hauimalizi. Kinusi huinusa kwa dakika tatu, na mgongo wake huwaka taa ya zambarau. Msimu uliopita, katika tarafa ya Msanzi, watu kumi na mmoja walikuwa wamekufa kwa sumu hiyo, wanane wao watoto. Mwaka huu mvua ilikuwa imenyesha tena wakati wa mavuno. Mahindi ya uji wa watoto yaliingia mabichi kwenye maghala ya shule. Havijawa alitaka vinusi elfu mbili kabla magunia yote hayajafunguliwa. Alikuwa navyo sita.

"Safari hii kosa ni lipi?" aliuliza.

"Kwanza, hongera kwa juhudi," alisema Keke, ambaye alikuwa amefundishwa pia kutoa hongera. "Nimeongeza semina elekezi ya siku tano."

"Semina ya nini? Vinusi haviendi semina."

"Wataalamu huenda. Kila andiko la idara hii lililowahi kufadhiliwa lilikuwa na semina elekezi. Pia nimemtanguliza Mkuu wa Idara, Profesa Ngonyani, kuwa mtafiti mkuu."

"Profesa hajawahi kukigusa kinusi! Akikiona anakipiga na kiatu!"

"Hilo halimo kwenye vigezo."

Keke hakuzaliwa na tabia hizi. Alilishwa maandiko yote ya idara ya miaka arobaini, yaliyofaulu na yaliyoanguka, akaachwa ajifunze mwenyewe tofauti yake. Akajifunza kweli. Ukimlea mtoto jikoni, usishangae akijua kuonja mboga.

Katibu muhtasi, Bi. Sikudhani Mponda, aliinua kichwa kutoka mezani kwake. Alikuwa amewazika wakuu wa idara wawili na kumstaafisha mmoja, na hakuna mashine iliyomtisha.

"Dokta wangu, kubali tu hiyo semina," alisema. "Twende hotelini tukale kuku, tupige picha ya pamoja, turudi. Nani amewahi kudhurika na kuku wa semina?"

"Bi. Siku, kuna watu watakufa."

"Ndiyo maana nasema kubali upesi."

Havijawa akakubali. Alikubali semina, akakubali jina la Profesa, akakubali kamati ya usimamizi, kamati ya kuisimamia kamati ya usimamizi, na aya nzima iliyosema mradi "utajenga uwezo", bila kueleza uwezo wa nani wala wa kufanya nini. Kalamu nyekundu ilicheza. Alama zikapanda kutoka hamsini na nane hadi sabini na moja, kisha themanini, kisha themanini na tatu. Hapo zikagoma.

Mahali zilipogomea palikuwa pabaya. Hazina ya Utafiti, iliyokuwa inatoa ruzuku, nayo ilikuwa na mashine yake ya kusoma, iliyoitwa Msaili, na Msaili hakuwa na mzaha. Andiko lenye alama chini ya themanini na tano likimfikia, hulikataa, kisha huifungia idara nzima isiombe kitu mpaka msimu ujao. Kwa hiyo Keke hakupitisha andiko kama hilo ila kwa kiganja cha Mkuu wa Idara mwenyewe kuwekwa kwenye kioo, kama saini.

"Bado alama mbili tu!" Havijawa alisema. "Zimekwama wapi?"

Keke akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu kuliko vyote vya wiki ile.

"Kwenye kipengele cha uharaka. Waathirika kumi na mmoja hawatoshi."

Hata Bi. Sikudhani aliacha kuandika.

"Hawatoshi kwa nini?" Havijawa aliuliza taratibu.

"Kwa ruzuku ya kiwango hiki. Kwa hali ya unyevu wa mwaka huu nakadiria waathirika arobaini msimu utakapoisha. Andiko hilihili, likiwa na waathirika arobaini, litapata alama tisini na nne. Ushauri wangu ni kuliahirisha kwa msimu mmoja. Ni andiko zuri. Haraka ya nini?"

"Andika arobaini sasa hivi," alinong'ona Bi. Sikudhani. "Karatasi haisemi."

Havijawa aliitazama kibodi. Ni vizuri ikumbukwe kwamba alikuwa mwanamke mwaminifu, na ni vizuri pia ikumbukwe kwamba aliandika arobaini.

"Daftari la vifo la taifa linaonyesha kumi na mmoja," alisema Keke bila kukasirika. "Nimerekebisha."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Havijawa alitoka, akavuka ukumbi kwa hatua ambazo hazikufaa kwa mhadhiri, akarudi na Profesa Kandidus Ngonyani, Mkuu wa Idara, mzee mrefu aliyebakiza miezi mitatu kustaafu na aliyetarajia kuipitisha kwa amani.

"Mwanangu, hizi mashine ni za kuongea nazo kwa upole," alisema Profesa akiwa bado mlangoni. "Keke, habari za asubuhi?"

"Nzuri, Profesa. Shikamoo."

"Marahaba. Unaona, Dokta? Adabu anayo. Haya Keke, nani kakufundisha kumwambia mtu asubiri watu wafe?"

Profesa aliuliza kwa tabasamu la mtu anayekemea mjukuu wa jirani. Hakutegemea jibu. Lakini Keke aliulizwa swali, na Keke hujibu maswali.

"Andiko la mwaka 2071," alisema. "Mtafiti mkuu: Dakta Kandidus Ngonyani. Somo: sumukuvu kwenye karanga. Waathirika tisa. Andiko liliahirishwa kwa msimu mmoja. Lilipoletwa tena, waathirika thelathini na wawili. Alama tisini na sita. Lilifadhiliwa. Jengo hili tulimo lilijengwa na mradi huo. Ndilo andiko lililofaulu kuliko yote katika kumbukumbu zangu, nami hulitumia kama mfano."

Tabasamu la Profesa lilibaki usoni kwa muda, kama taa ambayo mwenye nyumba amesahau kuizima. Kisha akavuta kiti, akaketi.

"Sikuahirisha ili wafe," alisema. "Nilikuwa kijana. Mkuu wangu wa wakati ule aliniita hapahapa, kabla hapajawa hapa. Akaniambia, 'Kandidus, takwimu zako zimekonda. Ngoja zinenepe.' Nikangoja."

"Na zikanenepa," alisema Havijawa.

"Zikanenepa." Profesa aliitazama sakafu ya jengo lake. "Mradi ule uliokoa maelfu, Dokta. Hayo pia ni kweli. Mimi nimeishi na hesabu hiyo miaka ishirini na mitatu, na kila nikiipiga inanipa jibu zuri. Ila sijawahi kuipiga mbele ya mtu."

Bi. Sikudhani, aliyekuwa na maoni juu ya kila jambo tangu serikali mpaka chumvi, safari hii aliamua kupanga klipu za karatasi.

"Lipitishe, Prof," Havijawa alisema hatimaye. "Kwa alama themanini na tatu. Weka kiganja."

"Likikataliwa idara inafungiwa. Wenzako kumi na wanne wana maandiko yao hapa. Mwenzako Lubuva ana dawa ya kiwavi, amebakiza alama nne. Nikiweka kiganja namfungia na yeye. Watanila nyama."

"Najua."

"Na Msaili atakataa. Unajua hilo pia?"

"Pengine atakataa, pengine hatakataa. Mimi sijawahi kumsikia mtu aliyejaribu. Sote tunajikataa wenyewe humu ndani, kwa kikohozi, ili tusikataliwe huko."

Profesa alikaa akitazama kioo cha Keke, pale palipochorwa umbo la mkono. Dakika kumi zikapita, ambazo kwa mkuu wa idara ni uamuzi wa haraka sana. Saa tatu na dakika hamsini na nne akasimama. Akaondoa semina elekezi. Akaliondoa jina lake juu, akalirudisha la Havijawa. Alama zikaporomoka hadi sabini na tisa.

"Kama tunaanguka," alisema, "tusianguke na kuku wa watu mkononi."

Akaweka kiganja. Andiko likaondoka, saa nne kasoro dakika mbili, likiwa na K.K. yake, kwenda kwa Msaili.

Jibu lilirudi baada ya sekunde nne. Si kwamba Msaili alihitaji sekunde nne. Inasemekana tatu na nusu kati yake ni za heshima.

"Andiko limekataliwa," Keke alisoma. "Sababu: waathirika hawatoshi. Idara imefungiwa mpaka msimu ujao. Msaili anawashukuru kwa kuonyesha nia." Kisha akakohoa. "Nimewawekea kikumbusho. Waathirika wakifika arobaini nitawajulisha, nanyi mtaomba tena mara mtakapofunguliwa. Nimekwisha kuandaa Kiambatisho Namba Nne, cha majina. Ya kumi na mmoja nimejaza. Nafasi ishirini na tisa nimeziacha wazi."

"Majina ya nani hayo ishirini na tisa?" aliuliza Bi. Sikudhani.

"Ya watakaoongezeka. Kwa sasa hayapo."

Profesa Ngonyani alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika mbili.

"Yapo," alisema. "Saa hizi wako mstarini na vikombe, wanangoja uji wa shule."

Havijawa alikuwa ameshafungua kabati. Aliviweka vinusi sita kisandukuni, kimoja baada ya kingine, akivitikisa kwa hasira kiasi kwamba kimoja kilidhani kimo guniani kikaanza kutambaa. Profesa alikikamata. Alikishika kwa vidole viwili, uso wake umegeukia pembeni, lakini alikishika.

"Kuchukua vifaa vya idara nje ya chuo kunahitaji fomu, K.K. Mkuu wa Idara," Keke alikumbusha.

"Mkuu wa Idara hayupo," alisema Profesa. "Ametoka."

"Nikiulizwa niseme kaenda wapi?" Bi. Sikudhani aliuliza.

"Sema kaenda semina."

Huko chini gari la idara liliwafungulia milango. Safari ya kwenda Msanzi ilikuwa ya dakika hamsini, na tarafa ilikuwa na shule thelathini na nane, kila moja na ghala lake. Havijawa alipiga hesabu bila kutaka: vinusi sita, wao wawili, ghala moja kwa saa nzima ukijitahidi. Hazitafikiwa zote leo, wala kesho.

"Tafadhali taja mnakokwenda," lilisema gari.

Wakatazamana.

"Tuanze na ile yenye wanafunzi we—" Profesa alianza, kisha akaacha mdomo wazi, maana alikuwa ameisikia sauti yake. Ingekuwa na kikohozi mbele, ingekuwa ya Keke kabisa.

Gari lilisubiri. Mahali fulani huko mbele, wapishi thelathini na wanane walikuwa wanakoroga.

"Tafadhali taja mnakokwenda," gari likarudia.

"Ya kwanza njiani," alisema Havijawa. "Halafu inayofuata."