Pumzi Nne kwa Dakika

Saa tatu asubuhi virukadawa thelathini, droni za kupeleka dawa majumbani, vilitoka dirishani mwa famasi kwa mpigo, kila kimoja na dawa ya mgonjwa wake, vikatawanyika juu ya mapaa ya Morogoro kama nyuki waliochokozwa. Mfamasia Yustina Mkude akavipungia mkono, ingawa vyombo havijui salamu.

Mara ubao wa bangili-pumzi ukawaka mwekundu. Bangili hizo huvaliwa na wanaotumia mofini, nazo huhesabu pumzi zao. Mzee Kobelo, mpiga tarumbeta mstaafu aliyevunjika nyonga, alikuwa akivuta pumzi nne tu kwa dakika!

Ubao uliita gari la wagonjwa papo hapo. Yustina hakulingoja. Alinyakua naloksoni, dawa ya kupuliza puani inayozima nguvu za mofini, akakata mitaa miwili mbio, koti jeupe likipepea.

Alimkuta Bi Tausi akimtikisa mumewe, midomo ya mzee imekuwa ya kijivu.

"Anakoroma tu, mwanangu, haamki!"

"Tumlaze chali, bibi. Mwinue kidevu."

Akapuliza dawa katika tundu moja la pua, kisha akaanza kumpa pumzi mdomoni, moja kila sekunde tano. Dakika mbili zikapita. Alikuwa akifungua dawa ya pili mzee alipovuta pumzi ndefu na kufumbua macho.

"Nani kanikatizia usingizi?"

"Nusura niwe mjane, nawe wauliza usingizi!" Bi Tausi alifoka, akicheka na kulia.

"Hospitali utakwenda tu, babu," Yustina akasema. "Naloksoni huisha nguvu kabla ya mofini. Ulikunywa nini?"

"Mofini, na vidonge vya usingizi alivyoleta ndege wenu jana. Alinisomea onyo nisichanganye na mofini. Nikamuuliza, kwani mofini ndiyo ipi katika hivi vyangu? Alishapaa."

Yustina akapiga hesabu. Miezi minane hakuwa amemwona mzee huyu uso kwa uso. Virukadawa vilimpunguzia foleni. Vilimpunguzia na watu.

Wiki iliyofuata dawa kali za maumivu hazikupaa tena. Mgonjwa alizifuata dirishani, au Yustina alimpelekea, na mtu mmoja wa nyumbani alifundishwa kupuliza naloksoni. Foleni ikarudi na makelele yake. Wa kwanza alikuwa Mzee Kobelo, na mkongojo wake na maswali kumi na moja.

Yustina akamvutia kiti. "Haya, babu. Tuanze na la kwanza."