Saa Tatu Bila Kengele

Alhamisi, saa 10:20 jioni

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la matairi. Mlango mmoja. Dirisha moja, limepigiliwa mbao. Harufu ya mpira ilikaba koo.

Watu watatu, meza moja.

Kipara alikaa katikati. Hakuwa na kipara hata kidogo. Alinyoa kichwa kila asubuhi tangu alipotoka jela, na jina likamganda. Kushoto kwake alikaa dereva wa genge, mume wa dada yake. Kila mtu alimwita Shemeji. Kulia, mwanamke mwembamba mwenye kadi ya kazi bado inaning'inia shingoni. Huyo walimwita Waya. Marehemu kaka yake alikuwa swahiba wa Kipara, na yeye alimwita Kipara kaka hata wanapogombana.

"Eleza tena," Kipara alisema. "Polepole. Kama unamweleza mtu asiyejua kitu."

"Si ndivyo ilivyo?"

Shemeji alicheka. Kipara hakucheka.

Waya alieleza. Idara ya leseni ina hifadhidata moja. Kila dereva yumo: jina, picha, simu, mahali anapolala. Imekaa kwenye seva iliyoko chumba cha chini, na Waya ameitunza miaka tisa. Jumamosi inahama. Inakwenda kwenye wingu, kwa kampuni inayokodisha hifadhidata na kuzitunza yenyewe.

"Ni kama uache kupika, uanze kula mgahawani," alisema. "Moto, sufuria, mpishi, yote si shida yako tena."

"Na mpishi wa zamani?" Shemeji aliuliza.

"Mkataba wake unaisha Jumamosi jioni."

Hakuna aliyempa pole. Unga ulikuwa umeshamwagika, na ndiyo sababu alikuwa pale.

Aliendelea. Kunakili kulianza Jumatatu. Sasa kila badiliko linalofanywa chini linafuata juu, likichelewa sekunde chache. Jumamosi saa nne asubuhi wanafunga uandishi. Hakuna anayeongeza kitu, hakuna anayebadili. Wanasubiri yaliyobaki yafike juu, wanalinganisha hesabu. Zikioana, saa saba mchana mifumo yote inaelekezwa kule kupya.

"Siku ya kawaida, nikinakili yote, simu ya meneja inalia. Jumamosi kengele zinazimwa kwa saa tatu nzima, maana kunakili ndiyo kazi yenyewe."

"Kwa nini tusingoje ihame kwanza?"

"Kule juu anwani zinafungwa kwa ufunguo ambao sitakuwa nao. Kule chini ziko wazi. Ikipita Jumamosi, sahau."

Kipara alimgeukia Shemeji. Kazi ilikuwa imeletwa na yeye.

"Mteja wako anataka anwani za watu za nini?"

"Anauza bima. Anataka kugonga milango."

Alijibu haraka mno. Waya aliliona hilo. Akalinyamazia.

Jumamosi, saa 3:45 asubuhi

Gari liliegeshwa mbele ya duka la dawa, mkabala na idara. Shemeji kwenye usukani, Kipara pembeni yake. Mlango wa idara ulikuwa umefungwa kwa wateja. Walinzi wawili walikaa kivulini.

Shemeji alipoinama kuwasha redio, shati lilipanda. Kitako cha bastola kilionekana kiunoni.

"Nilisema hakuna chuma," Kipara alisema.

"Ni kwa dharura."

"Dharura gani? Tunasubiri kitu kinachoingia mfukoni."

Shemeji alikuwa akitafuna ndani ya shavu, macho yakiwa mlangoni. Kipara alimjua mtu huyu miaka kumi na mbili. Hakuwahi kumwona na hamu hivi kwa kazi yoyote.

Miaka mitatu iliyopita dada yake Kipara aliondoka na watoto wawili, bila kwaheri. Kuna mwanaume, Shemeji alisema. Amemfuata mwanaume. Kipara aliona aibu kama yake mwenyewe. Ndipo akamwingiza Shemeji kwenye genge, ili naye apate pa kushika.

Saa 4:00 asubuhi

Meneja alikuwa na orodha ya hatua, na kila aliyoimaliza aliipiga mstari kwa kalamu nyekundu. Mtu mwangalifu, mwoga wa kukosea.

"Funga uandishi."

Waya alifunga. Kwenye kioo, pengo kati ya chini na juu lilianza kupungua. Sekunde arobaini na moja. Kumi na nane. Tatu. Sifuri.

Meneja alishusha pumzi. Akainama kutafuta kalamu. Mkono wa Waya ulikwenda nyuma ya seva na kuchomeka diski ndogo kuliko kiberiti.

Nakala ya pili ilianza. Hakuna kilicholia.

Saa 4:50 asubuhi

Simu yake ilitetemeka. Ujumbe wa Shemeji.

Nitafutie mtu mmoja kabla hujatoka. Usimwambie Kipara.

Chini yake jina la mwanamke, na tarehe ya kuzaliwa.

Waya alimtafuta. Wahudumu wa kaunta wangeona nyota tupu mahali pa anwani, lakini hilo lilikuwa pazia la mfumo tu. Nyuma ya pazia anwani ilisomeka: mji, mtaa, namba ya nyumba. Kando yake maelezo mafupi. Isitolewe kwa yeyote. Amri ya mahakama. Mume amezuiwa kumkaribia yeye na watoto.

Akafungua picha. Zilikuwa mbili. Ya kwanza, mwanamke anayejizuia kucheka. Ya pili, iliyopigwa miaka mitatu iliyopita, mwanamke yuleyule na kovu kutoka sikioni hadi kidevuni.

Paji la uso lilikuwa la Kipara. Lile lile pana, lenye mkunjo mmoja katikati.

"Naenda msalani," alimwambia Meneja. Sauti yake ilimshangaza kwa utulivu.

Saa 4:58 asubuhi

Simu ya Kipara iliita ndani ya gari.

"Kaka, usitaje jina la mtu," Waya alisema. "Sema ndiyo au hapana. Dada yako alizaliwa mwezi wa pili, mwaka mmoja na marehemu kaka yangu?"

"Ndiyo."

"Alikuwa na kovu shavuni?"

"Hapana."

"Sasa analo. Kubwa. Hakuna bima, kaka. Hakuna mteja. Shemeji amenitumia jina lake sasa hivi. Mahakama ndiyo iliyomficha, imemficha asipatikane na huyo aliyekaa na wewe."

Kipara alitazama mbele. Mwanamke alipita na mfuko wa dawa. Mlinzi mmoja alipiga miayo.

"Kuna nini?" Shemeji aliuliza.

"Mtambo unakwenda taratibu." Kisha kwenye simu, "Sikiliza. Wewe maliza kazi ya meneja. Hiyo tu. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Kipara aliweka simu mfukoni. Aliulaza mkono juu ya goti, karibu na kiuno cha Shemeji, akaanza kusubiri.

Saa 5:30 asubuhi

Waya aliifuta nakala yake na kuchomoa diski. Alidhani kazi imekwisha.

"Hesabu haioani," Meneja alisema.

Rekodi moja. Chini zilizidi juu kwa moja.

"Tunarudi nyuma. Tutajaribu tena mwezi ujao."

Mwezi ujao. Mwezi mzima anwani ile ikae wazi, yeye hayupo tena kuilinda, na mtu anayeitaka akitafuta mkono mwingine wa kununua.

"Nipe mpaka saa saba kasorobo."

"Orodha inasema..."

"Naijua orodha, bosi. Niliiandika mimi."

Meneja alimtazama. Huyu mama alikuwa anafukuzwa kazi leo hii. Kwa nini anatoka jasho?

"Kasorobo," alisema. "Si dakika moja zaidi."

Aligawanya rekodi mafungu mafungu. Fungu hili linaoana. Hili linaoana. Alilipata lisilooana, akaligawanya tena, na tena. Saa sita na nusu ilimkuta na rekodi mia. Dakika nane baadaye alikuwa na moja. Mzee mmoja, fomu ya jana jioni. Amezaliwa tarehe 30 Februari. Hifadhidata ya zamani ilikuwa imekubali bila kuuliza. Ile mpya ilimkataa mzee wa watu.

Fomu ya mkono ilisema 20. Mhudumu alibonyeza vibaya. Waya alimwonyesha Meneja, Meneja akatia sahihi, tarehe ikasahihishwa. Rekodi ikapanda.

Hesabu zikaoana.

Saa 7:00 mchana Meneja alisema, "Elekeza kule." Waya alielekeza. Alijaribu kumtafuta yule mwanamke kwenye hifadhidata mpya. Mahali pa anwani palikuwa na herufi zisizosomeka na mtu.

"Asante," Meneja alisema. "Samahani kwa... unajua."

"Najua."

Saa 7:12 mchana

Kulikuwa na mlango wa nyuma. Waya aliufikia, akashika komeo. Kisha akamfikiria Kipara peke yake ndani ya lile gari. Akatoka kwa mlango wa mbele.

Alikaa kiti cha nyuma. Shemeji alinyoosha mkono bila kugeuka. Akachukua diski, akaichomeka kwenye kompyuta iliyokuwa mapajani pake.

Tupu.

Aligeuka polepole. Bastola iligeuka naye.

"Uliiona," alimwambia Waya. "Ujumbe uliusoma. Itaje anwani."

"Siikumbuki."

"Itaje."

"Ulimkata uso," Kipara alisema. Sauti ya chini kabisa.

Shemeji hakumtazama. "Alinichukulia watoto."

"Uliniambia kuna mwanaume."

"Na wewe ulitaka kuamini. Hukumtafuta hata siku moja, kaka mtu mzima. Hukuuliza."

Kipara alimrukia mkono. Risasi ya kwanza ilitoboa paa. Ya pili ilimwingia Kipara juu ya paja. Alitoa sauti kama ya mtu anayenyanyua mzigo, lakini hakuachia. Alikibana kile kifundo cha mkono kwenye usukani, honi ikalia mfululizo, walinzi wakaja mbio.

"Toka, kimbia," alimwambia Waya.

Mlango ulikuwa wazi. Barabara ilikuwa wazi. Waya alivua sweta, akaruka kiti, akaligandamiza kwenye damu.

Ndivyo walivyokutwa.

Saa 9:40 alasiri

Hospitalini Kipara alilala, mguu mmoja umefungwa bandeji, mkono mmoja umefungwa pingu kwenye kitanda. Waya alikaa kwenye benchi kando yake, pingu mikono yote. Daktari alisema mfupa ni mzima. Askari alisimama mlangoni akisubiri mwenzake alete karatasi za maelezo. Shemeji alikuwa ameshapelekwa kituoni.

"Nilimwomba radhi yule mtu," Kipara alisema. "Mbele ya wazee wa pande zote mbili. Kwa niaba ya dada. Nikasema, familia yetu imekukosea."

Waya alitazama sakafu.

Baadaye alisogea, akanong'ona. "Nilimdanganya. Anwani naikumbuka. Mji, mtaa, namba. Yuko hai, kaka. Leseni aliihuisha mwaka huu. Nikuambie?"

Kipara alifumba macho.

"Watoto wako naye?"

"Wako naye."

Alitikisa kichwa taratibu juu ya mto.

"Usiniambie," alisema. "Huko ninakokwenda, yule atakuwepo. Na mimi huongea usingizini."